Mgeni Hapandishi Bei ya Shamba la Voi

Swali ambalo wanunuzi wa ardhi katika kaunti ya Taita Taveta hawachoki kuliuliza ni hili: shamba la Voi litapanda bei mara ngapi wawekezaji wa kigeni watakapofika. Swali hilo limejengwa juu ya dhana isiyo na msingi, na madhara yake si madogo, kwa kuwa ndiyo dhana inayowawezesha madalali kuuza ekari kavu kwa bei ya ekari yenye maji.

Dhana yenyewe ni kwamba mgeni mwenye fedha atamnunulia mwananchi shamba lake kwa bei yoyote atakayotajiwa. Sheria haimruhusu. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamzuia asiye raia kupata umiliki huru, yaani umiliki usio na ukomo wa miaka, na kumwachia ukodishaji usiozidi miaka 99. Kwa ardhi ya kilimo kizuizi ni kikali zaidi, kwani Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inaiagiza bodi ya eneo ikatae kutoa kibali cha kumuuzia, kumhamishia au hata kumkodisha asiye raia, isipokuwa Rais atoe msamaha kupitia Gazeti Rasmi. Wanaodai kwamba mgeni atasajili kampuni Nairobi na kupita pembeni hawajaisoma Katiba, ambayo huihesabu kampuni kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Mnunuzi anayesubiriwa, basi, hayupo sokoni.

Wapo wanaotoa mfano wa mashamba ya mkonge ya Mwatate na Voi, lakini chimbuko la mashamba hayo ni enzi za ukoloni, wala hayasemi lolote kuhusu bei ya ekari tano za jirani. Wengine hukumbusha msisimko wa mwaka 2008, chakula kilipopanda bei duniani na Qatar ikatajwa kutaka hekta 40,000 katika delta ya Mto Tana. Mpango ule haukutekelezwa, na aliyenunua kwa kuutegemea alinunua uvumi.

Kinachopandisha bei ni vitu vinavyoonekana. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, pamoja na lami ya kwenda Taveta, imezipa thamani ploti za kujenga zilizo karibu na stesheni na barabara, lakini thamani ya ploti si thamani ya shamba. Shamba hupimwa kwa mavuno, na mavuno ya nyanda za Voi hutegemea mvua haba isiyotabirika, ilhali Taveta ina chemchemi zinazolishwa na Kilimanjaro, ndiyo maana migomba hustawi huko kwa umwagiliaji. Hoja kwamba ardhi ni adimu kwa sababu mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya asilimia 60 ya kaunti nayo ni nusu ya ukweli: mbuga hizo hizo ndizo zinazotoa ndovu wanaoweza kumaliza mahindi ya msimu mzima kwa usiku mmoja.

Anayetaka kununua na aanze kwa upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili, asome sehemu zote tatu za rejista: ya kwanza hueleza ardhi yenyewe, ya pili mwenye nayo, na ya tatu mizigo iliyo juu yake kama vile rehani na zuio, nayo ndiyo ambayo wengi huiruka. Aende na mpima ardhi aonyeshwe mawe ya mipaka; aulize maji yako wapi na ndovu hupita wapi; akiwa na shaka, akodi shamba kwa misimu miwili kabla ya kununua. Mgeni naye anaweza kukodi ploti ndani ya manispaa, au kuingia mkataba wa kununua mazao ya wakulima.

Kwa anayenunua shamba, ombi la kibali hupelekwa kwa bodi ya udhibiti wa ardhi ndani ya miezi sita baada ya makubaliano. Kibali kisipopatikana, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inayahesabu makubaliano kuwa batili, na fedha zilizolipwa hubaki kuwa deni la kudaiwa kwa muuzaji.