Habari za Nguo Kuukuu, na Kazi Iliyobaki Ndani Yake

Katika kila nyumba pana kasha, au gunia, au pembe ya chumba, ambapo nguo kuukuu hutupwa. Shati lisilo na vifungo limo, na kanga iliyopauka, na shuka lililopasuka katikati, na suruali ya mtoto aliyekwisha kurefuka. Nguo hizo hukaa hapo hata panya wazile, au hata siku ya kufagia zitiwe moto pamoja na takataka. Wazee wetu walisema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nasi twaona ya kuwa neno hilo latuonya leo kuliko zamani, kwa sababu nguo zimekuwa rahisi kupatikana, na mikono yetu imekuwa mizito kushika sindano. Mwezi huu twataka kuonyesha ya kwamba nguo kuukuu haina budi kupimwa kabla ya kuhukumiwa, na ya kwamba kiraka kilichotiwa vizuri ni heshima ya nyumba, wala si aibu yake.

Kwanza na tukumbuke ya kuwa vazi lipendwalo sana katika pwani yetu lilianza kwa kuunganisha vitambaa vilivyofanywa kwa kazi nyingine. Neno leso asili yake ni Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vitambaa hivyo viliuzwa Unguja na Mombasa vikiwa vimechapwa mfululizo katika jora, na mwenye duka humkatia mnunuzi kimoja kimoja. Yasimuliwa ya kwamba wanawake wa Unguja walinunua sita kwa pamoja, wakavigawa vitatu vitatu, kisha wakashona fungu kwa fungu, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wengine waliunganisha leso za namna mbalimbali, wapate nakshi ambayo jirani hana. Wafanya biashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa, nayo ndiyo kanga tuijuayo. Lakini jina la leso halikupotea, nalo hutumika Mombasa hata leo. Basi mshono ule wa kwanza haukuwa dalili ya ufukara. Ulikuwa akili ya mtu aliyetazama kitambaa cha kufutia jasho, akaona vazi ndani yake.

Ng'ambo ya bahari yetu, katika Bara Hindi, wako ndugu zetu wa damu waitwao Wasidi, ambao wazee wao walitoka Afrika. Wengine walichukuliwa watumwa, na wengine walikwenda kwa kazi ya uaskari na ubaharia. Wale wakaao katika misitu ya Karnataka, baadhi yao ni Wakristo, baadhi ni Waislamu, na baadhi ni Wahindu. Lakini wanawake wao wote wana kazi moja ya mikono, nayo ni kushona blanketi la viraka liitwalo kawandi. Mama hutandika sari kuukuu chini, akaanza pembeni, akilaza vipande vya nguo zilizochakaa na kuvipigia bandi kwa mkono, akizunguka kandokando, mzunguko ndani ya mzunguko, hata afike katikati. Katika pembe nne hutia vipande vidogo vilivyokunjwa, waviitavyo phula, maana yake maua. Nao husema blanketi lisilo na maua hayo li uchi. Ndani ya blanketi moja hukutana nguo ya bibi, ya baba, na ya mtoto mchanga. Watu wale hawana mali nyingi, na kazi yao hii imetazamwa kwa mshangao hata New York, katika jumba la maonyesho.

Wala tusidhani ya kuwa kushona nguo kuukuu ni kazi ya watu maskini peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliamuru, tangu mwezi wa Juni 1941, ya kuwa mtu asinunue nguo kwa fedha tu, illa awe na vyeti vya kugawia nguo. Na amri hiyo ilidumu hata 1949. Mwaka 1943 kilitolewa kijitabu cha serikali cha kuwafundisha watu kutengeneza nguo zao kuukuu. Tajiri naye alikuwa na vyeti vyake vyenye hesabu, akaisha navyo kama mwenziwe. Hapo kiraka hakikuuliza mtu cheo chake.

Kupima nguo

Ndugu zetu, yafaa sasa tuseme habari ya kazi yenyewe. Nguo haichakai mahali pote sawasawa. Suruali huliwa magotini na makalioni, bali chini ya magoti hubaki na nguvu. Shati huliwa ukosini na viwikoni, bali kitambaa cha mgongo huwa kizima. Shuka huliwa katikati, mahali pa mwili, bali kandokando hudumu. Kwa hiyo, kabla ya kushika mkasi, fua nguo, ikaushe, kisha iinue mbele ya mwanga wa dirisha. Mahali panapopitisha mwanga kama chujio pamechoka. Halafu shika kitambaa kwa mikono miwili ukivute, kwanza kwa njia ya mtande, kisha kwa njia ya mshindio. Kikilia na kuachana, kimekwisha. Weka kando kiwe tambara la kufutia. La kuvunda halina ubani, wala hakuna sindano iwezayo kuponya uzi uliooza. Lakini kikistahimili, kina kazi bado.

Baada ya kupima, kata vifungo na zipu, uviweke katika kopo, maana hivyo hukaa miaka mingi kuliko nguo. Kisha gawa kazi. Mgongo wa shati la baba watosha gauni la mtoto mdogo. Miguu ya suruali yatosha kaptula, au mfuko wa kwenda nao sokoni. Ukosi ulioliwa upande mmoja, fumua mshono wake polepole, ugeuze upande wa ndani uwe nje, uurudishe mahali pake. Shati litavaliwa tena siku nyingi. Shuka lililochoka katikati, likate kwa urefu, uzikutanishe kingo zake nzima ziwe katikati, uzishone bapa, kisha kunga upindo katika pande zile zilizochoka. Kanga kuukuu, kwa kuwa imelainika kwa kufuliwa, yafaa kumpokelea mtoto mchanga kuliko kanga mpya, wala mama zetu hawakuhitaji kufundishwa neno hilo na mtu.

Kutia kiraka

Twajua sote mfano wa Injili wa kiraka kipya katika vazi kuukuu, ya kwamba hulipasua likawa baya zaidi. Mafundi wa nguo waweza kutueleza sababu yake. Uzi wa pamba huvutwa kwa nguvu katika kufumwa. Ukiingia majini hulegea, ukarudi, na nguo ikapungua. Nguo kuukuu imekwisha kupungua zamani, bali kiraka kipya hakijapungua bado. Siku ya kufuliwa kiraka hujikunja na kuvuta nyuzi dhaifu zilizokizunguka. Kwa hiyo chagua kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, chenye unene ulio sawa na nguo yenyewe. Kipande kizidi tundu kwa upana wa vidole viwili pande zote, mtande wake uelekee njia moja na mtande wa nguo, na kingo zake zikunjwe ndani kabla ya kushona. Tundu dogo halitaki kiraka. Litililie, yaani pitisha uzi kwa sindano huku na huku, juu na chini, kama mfumaji afanyavyo, hata pazibike. Tena ufanye upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na tundu la leo lililo kama punje ya mahindi, juma lijalo litapitisha mkono.

Siku hizi tena yafaa kuijua asili ya kitambaa, kwa maana nguo nyingi si pamba, bali zimefanywa kwa nyuzi za viwandani, ambazo asili yake ni mafuta ya ardhini. Chomoa uzi mmoja, uushike kwa kibanio, uuchome mbali na watoto. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, ukaacha majivu laini. Uzi wa viwandani huyeyuka, ukaacha punje ngumu. Nguo ya namna hii ya pili haifai kushikia sufuria ya moto, maana yaweza kuyeyuka na kushika ngozi. Wala haifai sana kwa taulo au nepi, maana hainywi maji vizuri. Lakini yafaa mifuko, na mapazia, na vikanyagio vya mlangoni. Vikanyagio hivyo ni rahisi kwa kila ajuaye kusuka ukili: kata nguo vipande virefu vyenye upana wa vidole vitatu, visuke kama usukavyo miyaa, kisha uzungushe msuko na kuushona ubavu kwa ubavu, kama mkeka unavyoshonwa. Hapo hata nguo isiyofaa kuvaliwa na mtu imepata kazi.

Habari ya mitumba

Huenda msomaji akasema, Ya nini taabu hii yote, nami naweza kununua nguo ya mtumba kwa fedha chache? Hatumlaumu anunuaye mtumba. Nyumba nyingi zimesitirika kwa nguo hizo, na watu wengi wapata chakula chao kwa kuziuza. Katika soko la Gikomba, Nairobi, mafundi huketi na cherehani zao karibu na wauzaji, wakipunguza suruali na kugeuza gauni, nao ni walimu wema wa neno hili tunalolinena. Serikali zetu nazo zimeshindania jambo hilo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole, ili viwanda vyetu vipate nafasi. Rwanda ilipandisha ushuru mwaka ule ule. Na mwaka 2018 Marekani ikaizuilia Rwanda ruhusa ya kuingiza mavazi huko pasipo ushuru. Nchi nyingine zilirudi nyuma. Mambo hayo ni ya wakubwa, na fungu letu ni hili: nguo ikiisha kuingia mlangoni petu, itadumu kadiri ya mikono yetu. Kwa sababu nguo iliyotupwa haipotei. Ile ya nyuzi za viwandani haiozi upesi kama pamba. Huziba mifereji, ikalala katika majalala, ikawasumbua hata wajukuu.

Neno kwa wazazi na walimu

Liko jambo moja zito kuliko fedha. Mtoto aliyepasuka kaptula huona haya, na mtoto mwenye haya hutafuta sababu ya kubaki nyumbani. Leo husema tumbo lamuuma, kesho husema ametumwa shamba, hata masomo yakampita. Sare mpya haipatikani kila mwezi, lakini kiraka chapatikana jioni moja, kabla taa haijazimwa. Basi mzazi asingoje mavuno ndipo amsitiri mwanawe. Naye mwalimu asiruhusu kabisa mtoto mwenye kiraka achekwe darasani. Na afadhali asifu kiraka kilichonyoka mbele ya wote, ili watoto wajue ya kuwa aliyetengenezewa nguo anapendwa kwao. Tena wavulana wafundishwe sindano pamoja na wasichana. Mafundi cherehani wa miji yetu wengi ni wanaume, wala hakuna awadharauye. Kwa nini basi mvulana aone haya kushona kifungo chake mwenyewe?

Neno la mwisho ni juu ya kutoa. Wako wakusanyao nguo mbovu wakawapelekea yatima na wajane, kisha hurudi nyumbani wakijiona wakarimu. Nguo ambayo tungeona haya kumvika mtoto wetu, tusimpe mwenzetu hivyo hivyo ilivyo. Kwanza ifuliwe, vifungo virudishwe, tundu lizibwe, upindo ukungwe, ndipo itolewe. Apokeaye ataona ya kuwa mtu aliketi kwa ajili yake.

Basi jioni ya leo, kazi za nyumbani zikiisha, fungueni kasha lile. Toeni nguo moja tu, muiinue mbele ya taa, muivute kwa mikono miwili, mjue kama imechoka au ina kazi bado. Mtoto na akae karibu, atie uzi katika tundu la sindano, kwa maana macho yake ni mazuri kuliko yetu.