Kusogeza Saa Mbele na Kazi ya Mkulima

Mtahiniwa, katika maswali ya muda na longitudo wengi hupoteza alama kwa kuandika kwamba baadhi ya nchi husogeza saa mbele wakati wa kiangazi ili kumsaidia mkulima. Si kweli. Ujerumani ilipoanza utaratibu huo mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, shabaha ilikuwa kubana matumizi ya nishati: jioni yenye mwanga haihitaji taa mapema. Uingereza ilifuata mwaka huohuo, Marekani mwaka 1918.

Wakulima wa Marekani waliupinga vikali. Majani ya kulisha mifugo hayakusanywi mpaka umande ukauke, na umande hukaushwa na jua, si saa ya ukutani. Kibarua alifika shambani kwa saa mpya, akasubiri umande, na jioni akaondoka kwa saa hiyohiyo mpya huku kazi ikiwa bado. Mwenye shamba alilipa ujira wa muda ambao hakuna kilichofanyika. Ng'ombe nao ilibidi wakamuliwe mapema ili maziwa yawahi treni. Mwaka 1919 Bunge la nchi hiyo liliufuta, ingawa Rais Wilson alikataa.

Sasa chukua Lushoto, iliyo karibu latitudo 5° kusini. Siku ndefu kuliko zote huizidi ile fupi kwa takribani nusu saa tu. London mwanga wa siku huanzia chini ya saa 8 mwezi Desemba hadi zaidi ya saa 16 mwezi Juni. Kwa hiyo Usambara hakuna mwanga wa ziada wa kuhamishia jioni. Ukisogeza saa, utamwamsha tu mkulima wa kabichi gizani, kwenye ukungu.

Jihadhari na hesabu hii. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo 45° mashariki. Lushoto iko karibu 38° mashariki. Tofauti ni 7°, na kila digrii ni dakika 4, yaani dakika 28. Kwa wastani jua hufika juu kabisa Lushoto saa 6 na dakika 28 mchana.

Hata hivyo, saa za Ulaya hutugusa. Msafirishaji wa mboga akimpigia simu mnunuzi wa London saa 5 asubuhi mwezi Januari, kule ni saa 2 asubuhi. Mwezi Julai ni saa 3.