Mifupa Iokoe Meno

Nipitapo Thika na Ruiru, huona mifupa imetupwa nyuma ya mabucha, ikigombaniwa na mbwa. Ilhali kule Nakuru, mradi wa Dayosisi ya Kikatoliki umekwisha kutuonyesha thamani yake. Mifupa huchomwa tanuruni, nyuzi 400 hadi 500, hewa ikiwa haba. Hewa ikizidi, huwa majivu. Ikizuiwa, huwa mkaa. Mkaa huo husagwa, ukaoshwa, ukachuja floridi ya maji ya visima, kwani mfupa huinasa kama jino la mtoto liinasavyo.

Walimu wenzangu, mwanafunzi azibaye kinywa achekapo, akiyaonea haya meno yake ya kahawia, si mchafu. Tukipime kisima chao. Floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, tusimkemee mtoto. Tuwaendee wenye mabucha.