Karte ya kredi: usipike mbegu ya kukopa



Juma iliyopita petit mmoja wa kwetu alinionyesha karatasi ya banki. Ametoka kupata kontra ya miezi 6, na banki inataka kumupa karte yenye dola 600. "Mukubwa, nisaini?" Nikamuuliza: "Hiyo ni karte ya namna gani?" Akanyamaza. Sikumucheka, sababu mimi pia nilisaini ya kwangu bila kujua.

Tuanzie hapo. Karte zinafanana kwa macho, lakini ziko za aina 3:

1. Karte ya debi. Inatoa feza yako mwenyewe iliyo kwenye konti. Konti ikiwa tupu, inakataa. Wengi wetu njo hiyo tuko nayo mfukoni, hata kama tunaiita "karte ya kredi".

2. Karte ya kujaza. Unaijaza mbele ya kuitumia, kama vile unité za simu. Inafaa kulipa kitu ku intaneti bila kuweka mshahara wote hatarini.

3. Karte ya kredi yenyewe. Hapa feza ni ya banki. Inakuwekea mpaka, unatumia, kisha kila mwezi inakuletea hesabu.

Usidanganywe na neno Visa ao Mastercard. Hao hawakukopeshi, wao ni barabara tu ambamo feza inapita. Anayekukopesha ni banki, na masharti ni yake.

Sasa, karte ya kredi inazaa deni namna gani? Kila hesabu iko na tarehe. Ukilipa yote mbele ya tarehe hiyo, kwa kawaida haulipi riba juu ya vitu ulivyonunua. Ukilipa kipande, kinachobaki kinaanza kuzaa. Na ukitoa feza taslimu ku mashine, mara nyingi riba inaanza siku ile ile, pamoja na frais juu yake. Karte zingine zinakata deni yote kwenye konti yako mwisho wa mwezi: riba hakuna, lakini mshahara unafika umekwisha kuliwa.

Tupige hesabu. Uko na deni ya dola 600, riba ni 2% kila mwezi. Mwezi wa kwanza tu, riba ni dola 12. Banki inakuambia: "Lipa hata dola 30." Unafurahi. Lakini katika hizo 30, ni 18 tu zinapunguza deni. Ukiendelea hivyo bila kununua kitu kingine, utalipa miezi 26, na riba itapita dola 170. Ukilipa dola 100 kila mwezi, unamaliza kwa miezi 7, na riba inakuwa karibu dola 46. Deni ni ile ile. Kilichobadilika ni mwendo wako.

Mimi nimesoma agronomia, kwa hiyo nawaza kama mulimaji. Mama wa kijijini akikopa mbegu ya maharage, anajua mambo mawili: atapanda wapi, na atavuna mwezi gani. Akiipika ile mbegu, siku ya kulipa itamukuta mikono mitupu. Mimi niliipika. Nilinunua simu na nguo za kolasio, nikisema mshahara utalipa. Kontra yangu ikaisha, deni ikabaki. Nilikuja kuimaliza kwa feza ya baba, aliyeuza mbuzi. Hiyo haya ningali nayo.

Njo maana, mbele ya kusaini, uliza banki maswali haya, na majibu uyaone kwa maandishi:

- Riba ni ngapi, ni ya mwezi ao ya mwaka? 2% ya mwezi inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka inafika 24% hivi.
- Niko na siku ngapi za kulipa bila riba?
- Frais ya mwaka ni ngapi? Na ya kutoa feza ku mashine? Na ya kuchelewa?
- Nikilipa kwa faranga na konti iko ya dola, munabadilisha kwa bei gani?
- Kontra yangu ikiisha mbele ya deni, itakuwa namna gani?

Swali la mwisho njo kubwa kwetu sisi wa kontra fupi. Ushauri wangu: usikope kinachopita ile unaweza kulipa mbele kontra haijaisha. Na kama haujui utalipa na nini, chukua karte ya kujaza, inatosha.

Petit alirudi banki na maswali yake. Walimujibu matatu, mawili wakasema watamupigia simu. Karatasi ingali kwake, haijasainiwa. Nilimuambia: ngoja simu kwanza.