Sumbawanga na wanga wa aina mbili

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Sumbawanga, hakuulizi nauli. Anacheka kwanza, kisha anakuuliza kama unakwenda kwa basi au kwa ungo. Utani huu ni wa siku nyingi, na jina la mji ndilo linalouchochea. Kwa Kifipa, lugha ya wenyeji, sumba ni tupa, na wanga ni ule ule tunaoujua Waswahili, wa kuwanga usiku. Tupa uchawi. Wenyeji wanaeleza kuwa lilikuwa onyo kwa mgeni: kama una mambo yako, yaache huko huko kabla hujaingia. Basi mji uliojitangaza kuukataa uchawi ndio huo uliobandikwa uchawi nchi nzima.

Kiswahili kina wanga mwingine, wa mwalimu wa sayansi kimu: wanga wa ugali, wa viazi, wa muhogo. Hauhusiani na jina la mji hata kidogo, ni maneno tu yamegongana. Ila kwa maoni yangu huu wa pili ndio unaoieleza Sumbawanga, na ndio unaojibu swali ambalo wageni wengi huliuliza kwa sauti ya chini: hapa kweli ni makao makuu ya mkoa?

Si swali la dharau. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na tangu hapo Sumbawanga ina ofisi zote ambazo mji wa mkoa hutakiwa kuwa nazo, pamoja na jimbo Katoliki lenye jina lake na uwanja wa mpira wa Nelson Mandela. Hata hivyo katikati ya mji unapazunguka kwa miguu asubuhi moja ukabaki na muda. Mji uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni waendesha bodaboda huvaa makoti mazito na kofia za sufu mpaka jua likolee. Mtu usiyemjua anakusalimu, na salamu haiishii kwenye neno moja. Ukiuliza njia, unasindikizwa.

Asubuhi moja ya mwezi huo niliingia kwa mama lishe karibu na soko. Saa nne, siku ya kazi, mabenchi matupu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu. Umetoka mbali wewe.”

Nikamuuliza amejuaje.

“Wenyeji saa hizi wako shamba,” akasema, akaniwekea ugali wa dona na mgebuka wa Ziwa Tanganyika.

Jibu lake lina uzito kuliko linavyosikika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu karibu watu 210,000 katika Manispaa ya Sumbawanga, na ile ya 2022 zaidi ya 300,000. Mgeni akisikia idadi hiyo anatafuta jiji na halioni, kwa sababu hao wote hawakai mjini kwa maana anayoifikiria yeye. Mpaka wa manispaa umezibeba kata kama Ntendo, Mollo, Senga na Pito, ambako nyumba zinafuatwa na mahindi, na mahindi yanafuatwa na maharage. Hata mkazi wa katikati ya mji, wa Katandala au Mazwi, mwalimu, karani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana ekari zake mahali. Mvua za Novemba zikianza, mazungumzo ya ofisini yanakuwa ya mbegu na mbolea. Miji mingi huwatoa watu shambani. Huu umewaacha huko na kuwapa mahali pa kuja kumalizia shughuli zao.

Sababu ni kwamba kilimo kilitangulia mji, tena kwa mbali. Ufipa, uwanda huu wa juu ambao Sumbawanga imo, ilikuwa na himaya zake, Nkansi na Lyangalile, na nyuma yake Milansi, kwa wafua chuma, inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaitwayo malungu, na kazi kubwa ya chuma hicho ilikuwa majembe. Mwaka 1880 msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita kwenye uwanda huu, na kilichomshangaza ni jinsi watu wake walivyokuwa wakulima watupu, wapole, wasio na hamu ya vita. Na hiyo ni baada ya wapiganaji wa Kingoni, wakiongozwa na Zwangendaba, kuwapitia katika miaka ya 1840.

Udongo wenyewe si wa kusifika sana, na miti ilikwisha kupungua, kwa hiyo kufyeka na kuchoma kama kwa majirani hakukutosha. Mkulima wa Kifipa alibuni njia yake. Mvua zikiwa bado zinanyesha, nyasi ndefu zinakatwa na kuvutwa pamoja, kisha zinafunikwa udongo mpaka litokee tuta la mviringo. Ukitazama kutoka mlimani, bonde zima linaonekana kama limemwagiwa vichuguu vilivyopangwa kwa kamba. Ndani ya tuta nyasi zinaoza taratibu. Msimu unaofuata tuta linatawanywa na ulezi unapandwa juu ya mbolea hiyo, bila gunia la dukani hata moja. Kazi hiyo inataka mikono mingi kwa wakati mmoja, na watu wanaohitaji mikono ya jirani huishi karibu karibu na kusalimiana kwa kirefu. Adabu inayomfurahisha mgeni pale sokoni imetokea huko.

Ukaribu una upande wake mwingine. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika juu ya Kamchape, vuguvugu la vijana waliopita kijiji hadi kijiji wakiwatolea watu nje madawa yanayodaiwa kuwa ya uchawi. Ukiishi na jirani ukuta kwa ukuta na mavuno yake yakazidi yako, maneno hayakosekani. Lakini hilo ni la vijiji vingi duniani. Sumbawanga imeonewa kwa kuwa tu jina lake limelitaja.

Mji wenyewe ulichelewa. Wajerumani walikuwa na boma Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, kwa sababu meli zilikuwa ziwani. Waingereza waliiteka mwaka 1916, na baadaye utawala ukapanda juu, Namanyere kwanza, kisha Sumbawanga, kufuata watu na chakula.

Kilichoigeuza Ufipa kuwa ghala la taifa ni sera. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na NMC, shirika la umma la usagishaji, ilibeba gharama ya lori. Mkulima wa Laela, huku Rukwa, akalipwa sawa na wa Morogoro. Ulezi ukarudi nyuma, mahindi yakatanda, na Rukwa ikatajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa minne ya kulisha nchi. Bei moja ilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1980, umbali ukarudi kudai chake. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, na kila kilomita inakatwa kwenye bei ya mkulima.

Ndiyo maana lami ya kwenda Tunduma, njia ya kuelekea Dar, kilomita 220 na kidogo, iliyojengwa kwa fedha za mkataba na Marekani uliotiwa saini mwaka 2008, haikuwa pambo. Hapo awali masika yaliweza kuigeuza safari hiyo kuwa ya kulala njiani.

Uje Julai uone mji ukipumua. Mikokoteni ya ng'ombe na mafuso vinapanga foleni, wapagazi wana vumbi jeupe hadi kwenye kope. Gunia la kawaida hula debe sita. Mnunuzi anataka lumbesa: anashindilia, anaongeza la saba, kisha juu anasuka kichwa cha kamba, na yote hayo ni “gunia moja”. Sheria inasema mizani, na mizani ipo, ila mwenye deni la mbolea na ada ya shule hana muda wa kubishana. Nilimwona mzee mmoja akihesabu debe kwa kuweka punje moja mfukoni kila lilipomiminwa. Walipomaliza akazitoa, akazihesabu kiganjani, akamtazama dalali bila kusema kitu. Dalali akaongeza elfu mbili.

Niliondoka alfajiri kwa basi. Abiria mbele yangu, mama aliyevaa suti ya ofisini, alikuwa na kiroba cha unga wa ulezi na ndoo ya maharage iliyofungwa khanga. Konda akataka nauli ya mzigo. Mama akamwambia kwa upole kwamba huo si mzigo, ni chakula cha watoto, na konda, ambaye chini ya kiti chake kulikuwa na gunia zima, akaupita.