Unguja kwa skuta: Utamu wake ni mwendo wa pole

JE, msomaji, umewahi kuzuru Unguja ukarudi nyumbani na picha za Mji Mkongwe peke yake? Basi ulibisha hodi ukaondoka kabla ya kukaribishwa ndani. Kisiwa hiki chenye urefu wa takriban kilomita 85 hakimalizwi kwa kuranda vichochoroni. Panda boti Dar es Salaam, vuka kwa saa mbili hivi, kisha ukodi skuta, kipando ambacho wenyeji wamekizoea mno.

Mimi na mke wangu tulikodi yetu mjini asubuhi moja. Mwenyewe alitukabidhi ufunguo na helmeti mbili, akauliza, "Breki umezijaribu, kaka?" Nikajibu kwamba ziko sawa, ilhali nilikuwa nimezitazama kwa macho tu. Likumbuke jibu hilo.

Tulishika njia ya kusini mashariki. Makelele ya soko la Darajani yalibaki nyuma, tukapokewa na miembe, minazi na watoto wa chuoni waliotupungia mikono. Baada ya kilomita 35 hivi tukafika Jozani, msitu ulio ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2004. Humu huishi kima punju, mnyama mwenye mgongo mwekundu ambaye asili yake ni Unguja. Chakula chake kikubwa ni majani, na baadhi yao huiba mkaa vijijini wakautafuna. Wataalamu wanaamini kwamba mkaa huo hupunguza ukali wa sumu iliyomo majanini. Matuta utakayoyakuta hapo barabarani usiyalaani. Yaliwekwa kwa sababu punju wengi walikuwa wakigongwa na magari.

Matuta hayo tuliyapita kwa adabu. Balaa ilikuja mbele, tulipokwisha kupita njia panda ya Kitogani. Barabara ilikuwa tupu, upepo ulikuwa mtamu, nami nikazidisha mwendo. Tulipoingia kijiji kimoja, mtoto wa miaka mitano hivi alichomoka kati ya nyumba akifukuza gurudumu lake la kuchezea. Nilikamata breki. Ya nyuma ilishika kidogo, ikaachia. Skuta ikayumba, ikaingia mchangani, sote wawili tukaanguka.

Gurudumu lilikuwa limepindika chini ya skuta. Mtoto alisimama hatua mbili kutoka hapo, mzima, macho yamemtoka.

Bibi mmoja alikuja mbio. "Shikamoo, bibi," nikamwamkia, sauti ikitetemeka.

"Marahaba, mwanangu. Mmeumia?"

Mke wangu alikuwa amechubuka kiwiko. Bibi alileta maji, akamwosha, akamfunga kitambaa safi. Hakunigombeza wala hakudai chochote. Aliniambia tu, "Nyinyi mnaona barabara. Kwetu sisi huu ni uwanja wa nyumba."

Maneno hayo yaliniuma kuliko goti langu. Laiti ningeijaribu breki ile mjini, na laiti ningepunguza mwendo nilipoziona nyumba, mtoto yule asingekaribia kifo. Fundi wa baiskeli hapo kijijini alitukazia breki, tukaondoka polepole kama tunaosindikiza arusi.

Na ndipo tulipokiona kisiwa. Kule Paje tulikuta maji yamekupwa, na akina mama wameinama wakifunga mwani kwenye kamba zilizoshikiliwa na vijiti. Kilimo hiki kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani hukaushwa na kuuzwa ng'ambo, ambako hutolewa ute unaotumiwa katika vyakula na dawa ya meno. Maji ya bahari yalivyozidi joto, mavuno ya aina iliyo ghali zaidi yamepungua.

Ukiwa na siku ya pili, elekea Kizimkazi. Hapo pana msikiti wenye maandishi ya jiwe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Vua viatu na uombe ruhusa kabla ya kuingia.

Sasa, msomaji, kabla hujalipa hata shilingi, izungushe skuta uwanjani na ujaribu breki zote mbili, taa na honi. Piga picha za mikwaruzo iliyopo ili usije ukadaiwa isiyo yako. Uliza kuhusu kibali cha kuendeshea Zanzibar na ukitembee nacho, maana polisi hukagua njiani. Jaza petroli mjini. Vaa nguo za heshima vijijini, na urudi kabla ya giza. Mwenye watoto wadogo na akodi gari au apande daladala. Skuta ni ya watu wawili.

Jioni tulisimama kijijini pale. Mtoto alikuwa amelinyoosha gurudumu lake, na bibi akatukaribisha madafu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayepita kijijini kama mshale, humponya nani?