Je, Wajua? Mzanzibari, mashtaka 285 na kodi ya Guantánamo

Je, wajua kwamba gereza la watuhumiwa wa ugaidi linalojulikana kuliko yote duniani limejengwa kwenye ardhi ya kupanga? Marekani iliikodi ghuba ya Guantánamo kutoka Cuba mwaka 1903, meli zake zipate pa kujazia makaa ya mawe, kwa dola 2,000 za dhahabu kwa mwaka. Mkataba wa 1934 ndio unaotumika mpaka leo: kodi ni dola 4,085, na mpangaji haondoki ila kwa hiari yake au pande zote mbili zikikubaliana. Fidel Castro aliingiza benki cheki moja tu, ya mwaka 1959. Zilizofuata alizitupia kwenye droo ya meza yake.

Upangaji huo wa ajabu ndio uliowavutia wanasheria wa Rais George W. Bush. Ardhi ni ya Cuba, lakini Cuba haina amri juu yake. Bendera ni ya Marekani, lakini wanasheria wale walidai kwamba mkono wa mahakama za Marekani haufiki pale. Hoja yenyewe haikuwa ngeni. Katika miaka ya 1990 ilikwisha kutumika dhidi ya wakimbizi wa Haiti waliookotwa baharini na kuwekwa hapohapo. Wafungwa 20 wa kwanza waliteremshwa kwenye ndege tarehe 11 Januari 2002, na kwa jumla wamepita pale watu wapatao 780. Ilichukua hadi 12 Juni 2008 kwa Mahakama ya Juu kuamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mfungwa wa Guantánamo anayo haki ya kikatiba ya kumtaka jaji apime kama kufungwa kwake ni halali.

Kabla ya hapo iguana, yule mjusi mkubwa wa visiwa vya Karibi, alikuwa na hali nzuri zaidi. Sheria ya Marekani ya kulinda wanyama walio hatarini kutoweka ilimlinda hata ndani ya kambi ile, na mwanajeshi aliyemdhuru aliweza kutozwa faini. Mawakili wa wafungwa walilipeleka jambo hilo mbele ya majaji bila kulitia chumvi, maana halikuhitaji.

Zanzibar hadi Manhattan

Mtu mmoja tu kati ya hao 780 ndiye aliyewahi kutolewa Guantánamo na kufikishwa katika mahakama ya kawaida ya kiraia huko Marekani, naye ni Mtanzania, mzaliwa wa Zanzibar. Ahmed Khalfan Ghailani alishtakiwa kushiriki katika mashambulizi ya 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 waliuawa siku ile, 213 Nairobi na 11 Dar. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Takwimu hiyo husahaulika kila kesi hizi zinapotajwa kama jambo baina ya Marekani na maadui zake.

Ghailani alikamatwa Pakistan Julai 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya CIA, akapelekwa Guantánamo Septemba 2006, na Juni 2009 serikali ya Obama ikamhamishia New York. Kesi ilipoanza, upande wa mashtaka ulipata pigo. Shahidi wake muhimu, mtu aliyesemekana kumuuzia baruti, alikataliwa na Jaji Lewis Kaplan, kwa sababu jina lake lilijulikana kutokana na maneno aliyobanwa Ghailani akiwa mikononi mwa CIA. Tarehe 17 Novemba 2010 jopo la wananchi 12 likatoa uamuzi: kati ya mashtaka 285, alikutwa na hatia kwa moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali. Kwa mashtaka ya mauaji, yote, hakukutwa na hatia.

Shtaka hilo moja lilitosha. Januari 25, 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha. Kwa hesabu ya mwendesha mashtaka, kesi ilikuwa imefaulu. Wanasiasa wao waliyaangalia yale 284.

Lakini la kushangaza zaidi lilikuwa limeandikwa na Jaji Kaplan mwenyewe mwezi Oktoba, katika uamuzi uleule wa kumkataa shahidi. Alikumbusha kwamba hata kama Ghailani angeachiwa kwa mashtaka yote, hali yake ya kuhesabiwa mpiganaji adui ingeweza kuiruhusu serikali kuendelea kumshikilia hadi vita vimalizike. Vita gani, na vinamalizika lini, hilo halimo kwenye kalenda ya mtu yeyote. Jopo lile lilikuwa likipima hatia ya mtu ambaye huenda asingetoka hata likimwachia.

Linganisha na Mtanzania mwingine wa kesi hiyohiyo ya mabomu, Khalfan Khamis Mohamed. Yeye alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa kwa FBI haraka haraka. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba makabidhiano yale yalikuwa kinyume cha sheria: serikali haikupaswa kumtoa kabla ya kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Majaji wale hawakuwa na uwezo wa kumrudisha, maana kesi yake ilikuwa imefika ukingoni New York, lakini waliagiza hukumu yao ipelekwe kwenye mahakama ya kule. Hakuuawa. Alipewa kifungo cha maisha, pamoja na wenzake watatu, katika mahakama ya kawaida, na hakuna bunge lililotikisika.

Mlango unafungwa kwa kura

Obama alisaini amri ya kuifunga Guantánamo siku yake ya pili kamili ikulu, 22 Januari 2009, na kujipa mwaka mmoja. Tarehe 20 Mei mwaka huohuo Baraza la Seneti, ambamo chama chake kilikuwa na wingi, lilimnyima dola milioni 80 za kazi hiyo kwa kura 90 dhidi ya 6. Novemba ikatangazwa kwamba Khalid Sheikh Mohammed, anayetajwa kuwa mpangaji wa mashambulizi ya Septemba 11, atashtakiwa Manhattan. Meya Michael Bloomberg aliunga mkono, kisha akahesabu gharama za ulinzi, kisha akageuka.

Halafu ukaja uamuzi wa Ghailani. Mwezi mmoja baadaye Kongresi ikapitisha katazo ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi: hakuna senti ya bajeti hiyo itakayotumika kumleta mfungwa yeyote wa Guantánamo kwenye ardhi ya Marekani, hata kwa kesi. Obama alilalamika kwa maandishi, akasaini. Ilikuwa 7 Januari 2011, siku 18 kabla Ghailani hajasomewa kifungo chake cha maisha. Katazo hilo limehuishwa mwaka baada ya mwaka. Khalid Sheikh Mohammed, aliyekamatwa Machi 2003, alikubaliana na waendesha mashtaka Julai 2024 akiri makosa ili asinyongwe. Siku mbili baada ya habari kutoka, Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin akayafuta makubaliano. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Bei ya kusitasita huko? Gazeti la New York Times lilipiga hesabu mwaka 2019, wafungwa wakiwa 40: takriban dola milioni 13 kwa kila mmoja kwa mwaka. Januari 2025 walibaki 15. Kati ya walioondoka mwishomwisho alikuwemo Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007. Alikaa Guantánamo zaidi ya miaka 17 bila kufunguliwa shtaka lolote, na miaka mitatu ya mwisho alikuwa tayari ameidhinishwa kuondoka. Wiki chache baada yake, Wayemeni 11 walipelekwa Oman.

Wageni hao huweza kumponza mwenyeji. Bermuda ilipowapokea wafungwa wanne wa Kiuyghuri, Waislamu wa kutoka China, Juni 2009, waziri mkuu wake alipigiwa kura ya kutokuwa na imani naye, akanusurika. Ghana iliwapokea wafungwa wengine wawili mwaka 2016. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema Rais Mahama alikosea kuingia mkataba ule bila ridhaa ya Bunge.

Siku 90, siku 42, siku 14

Uingereza ugomvi ulikuwa juu ya siku: polisi wamshikilie mtuhumiwa wa ugaidi kwa muda gani kabla ya kumfungulia mashtaka? Baada ya mabomu ya London ya 2005 Tony Blair alitaka 90, akashindwa kwa kura 322 dhidi ya 291, mara yake ya kwanza kushindwa katika Bunge la Makabwela tangu awe waziri mkuu. Zikapita 28. Gordon Brown akataka 42, akapenya kwa kura tisa tu, halafu Baraza la Mabwana likazikataa. Mbunge wa upinzani David Davis alijiuzulu kiti chake kwa hasira ya siku hizo 42 na kugombea upya. Karatasi ya kura ilikuwa na wagombea 26. Tangu 2011 kikomo ni siku 14.

Na kwetu

Katiba ya Kenya inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Katika msako wa Usalama Watch, Aprili 2014, maelfu walikamatwa Nairobi, wengi wakiwa Wasomali, na vituo vikajaa. Suluhisho? Uwanja wa michezo wa Kasarani ulitangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa kituo cha polisi.

Al-Amin Kimathi, Mkenya mtetezi wa haki aliyekusanya habari za watu waliosafirishwa kisirisiri kutoka Kenya kwenda Somalia na Ethiopia mwaka 2007, alikwenda Uganda Septemba 2010 kufuatilia kesi ya mabomu ya Kampala ya mwaka huo. Akakamatwa, akaunganishwa kwenye kesi ileile, akaachiwa baada ya mwaka mmoja bila kusikilizwa.

Tanzania, ugaidi ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana, kwa hiyo tangazo la mashtaka peke yake linatosha kumlaza mtu mahabusu. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa mwaka 2014. Kila tarehe ya kutajwa ilikuja na sentensi ambayo mahabusu wa nchi hii wanaijua kwa moyo, upelelezi haujakamilika, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka alipowafutia Juni 2021. Mwezi uliofuata akakamatwa Mwanza mwenyekiti wa Chadema, Freeman Mbowe, siku ya kongamano la Katiba Mpya. Februari 2022 jaji alisema ana kesi ya ugaidi ya kujibu. Machi 4 mashtaka yakaondolewa, na siku hiyohiyo alipokelewa Ikulu na Rais Samia.